Kidole ni Kidole

Lugha ya Kiswahili haikuona haja ya kuvipa majina mawili viungo vya namna moja. Cha mkono ni kidole, na cha mguu ni kidole; hutambulishwa kwa mahali kilipo, wala si kwa asili yake. Hata kile kinene cha kando, mkononi na mguuni, huitwa gumba pande zote mbili. Zipo lugha zinazovitenga viungo hivi kwa majina mbalimbali, kana kwamba vilitoka katika miili miwili. Wahenga waliowaachia Waswahili lugha yao hawakuwa wapasuaji, walakini walitamka kweli ambayo wapasuaji waliifikia baada ya safari ndefu: kidole cha mguu kina mifupa, maungio, kano, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na ukucha, kama kilivyo kidole cha mkono, na mkono uliopotewa na kidole chake waweza kukopeshwa na mguu.

Kweli hiyo haikukosa wapinzani. Wako wasemao kwamba kuhamisha kidole cha mguu na kukipandikiza mkononi ni anasa ya mataifa tajiri. Wako wasemao kwamba ni kuchezea maumbile. Wengine huuonea mguu huruma, na wengine husema kwamba maradhi mengine yatangulie. Hoja hizi hutolewa na watu wenye heshima, aghalabu kwa nia njema, na aghalabu na watu wenye vidole kumi vya mikono. Yafaa zipimwe moja baada ya moja; maana zikiachwa zipite bila ya kuulizwa, atakayelipa gharama yake si yule azisemaye.

Kabla ya kupima hoja hupimwa hasara. Methali yasema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Leo hutumiwa kufundisha umoja, lakini kabla ya kuwa funzo ilikuwa habari ya kweli ya mkono. Vidole vinne vimekaa safu moja na huelekea upande mmoja. Gumba peke yake husimama mkabala wa wenzake, na kila kinachoshikwa hushikwa baina yake na wao. Wapasuaji wa mikono hukadiria kwamba gumba lina karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono mzima. Makadirio hayo yaweza kubishaniwa na wasomi, lakini mtu aliyepotewa nalo habishani. Jembe humponyoka. Kifungo cha shati humshinda. Tonge la ugali halibonyezeki kupata shimo la kuchotea mchuzi. Sindano ya mshonaji, ukili wa msusi wa mikeka, kalamu ya karani na kamba ya mvuvi, vyote humkimbia. Msiba huu hauji kwa wote sawasawa. Huja kwa mashine ya korona katika kiwanda cha mkonge, kwa mashine ya kusaga nafaka na ya kukamua miwa, kwa msumeno wa seremala, kwa baruti ya mvuvi haramu. Humfuata mtu ambaye mikono yake ndiyo mali yake yote.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Makundi mawili ya wapasuaji huanza pamoja, moja mguuni na moja mkononi. La mguuni hukifuata kidole kwa subira, likitenga mshipa unaokipelekea damu, mshipa unaoirudisha, mishipa ya fahamu, kano za kukunja na za kukunjua. La mkononi hutafuta katika kigutu mabaki ya vitu hivyo hivyo, na kila kinachoonekana hutiwa alama. Kisha kidole hukatwa, hupelekwa mahali pake papya, mfupa hufungwa na mfupa, kano hushonwa na kano. Mwisho huja kazi ya hadubini. Mishipa ya damu ya vidole ina upana wa milimita 1 hivi, na uzi wa kuishonea ni mwembamba kuliko unywele. Saa nyingi hupita. Vibanio vinapofunguliwa, ukucha uliokuwa mweupe kama chokaa hurudiwa na rangi ya uhai, na kila aliye chumbani hujua kwamba damu imefika.

Hapo kazi ya mpasuaji huwa karibu kwisha, na ya mgonjwa ndiyo kwanza huanza. Mishipa ya fahamu hukua kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, hata miezi ikapita kabla ya kidole kujua moto na baridi, laini na kikwaruzo. Mgonjwa hukifundisha kidole chake kazi mpya kama mtoto afundishwavyo kuandika. Mguu wa jana hujifunza kuwa mkono.

Sasa hoja ya kwanza, ile ya anasa. Husemwa kwamba upasuaji wa namna hii umetoka katika nchi za fedha nyingi, na kwamba nchi za Afrika Mashariki zikiutamani zitakuwa kama maskini anayetamani saa ya dhahabu hali hana kanzu. Historia haimwungi mkono msemaji huyo. Ni kweli kwamba wa kwanza kujaribu alikuwa Carl Nicoladoni, mpasuaji wa Graz katika Austria, ambaye katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 alimpa mtoto mdogo kidole cha pili cha mguu badala ya gumba lililopotea. Kwa kuwa wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua kuunga mishipa midogo, alilazimika kuufunga mkono wa mtoto na mguu wake pamoja kwa majuma, hata nyama zikashikana. Mfaransa Alexis Carrel alionyesha namna ya kushona mishipa ya damu mwaka 1902, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka 1960, katika Vermont, Marekani, Julius Jacobson na Ernesto Suarez waliishona mishipa midogo kwa msaada wa hadubini. Mlango ukawa wazi.

Ni nani aliyeingia? Mwaka 1963 katika Shanghai, Chen Zhongwei na wenzake waliurudisha mkono wa mfanyakazi wa kiwanda uliokatwa kabisa na mashine. Mwaka 1966, katika mji huo huo, Yang Dongyue na wenzake walimpandikizia mgonjwa kidole cha pili cha mguu mahali pa gumba, wakaunga mishipa yake papo hapo, bila ya kumfunga mkono na mguu. Uchina ya mwaka 1966 haikuwa nchi tajiri. Ilikuwa miaka michache tu tangu itoke katika njaa iliyoua mamilioni. Mwingereza John Cobbett alifanya kazi kama hiyo kwa gumba la mguu katika East Grinstead mwaka 1968, miaka miwili nyuma ya Shanghai. Na Mmarekani Harry Buncke, aliyepandikiza kidole cha mguu wa nyani mkononi mwake na kutangaza habari hiyo mwaka 1966, alijifunzia kazi yake katika banda la gari nyumbani kwake California. Basi upasuaji huu haukuzaliwa katika kasri. Ulizaliwa mahali palipokuwa na viwanda vinavyokata vidole na watu waliokataa kukubali kwamba kilichokatwa kimekwisha. Viwanda hivyo Afrika Mashariki imekwisha vipata. Ikiwa umaskini haukuizuia Shanghai, basi neno umaskini linapotamkwa leo pengine hufunika neno jingine ambalo msemaji hapendi kulitaja.

Hoja ya pili ni ya maumbile. Wako waaminio kwamba kila kiungo kiliwekwa na Muumba mahali pake, na kwamba mwili ni amana isiyofaa kugeuzwa. Hoja hii yastahili jibu la adabu, maana hutoka katika hofu njema. Lakini mwenye amana hulaumiwa kwa kuiharibu amana, halaumiwi kwa kuitengeneza. Mwenye nyumba aking'oa boriti ya banda la uani ili ategemeze ukuta wa ukumbi unaoanguka, haitwi mbomoaji. Katika fiqhi ya Kishafii, iliyosomeshwa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, diya ya kila kidole ni ngamia 10, sehemu ya kumi ya diya kamili ya ngamia 100, na vidole vya miguu ni sawa na vya mikono. Kanuni hiyo yahusu jeraha, haisemi neno juu ya upasuaji. Walakini yatosha kumnyamazisha anayedai kwamba kidole cha mguu ni kiungo duni kisichostahili kukaa mkononi. Na juu ya upasuaji wenyewe, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilipokutana Jidda mwaka 1988 iliamua kwamba yajuzu kuhamisha kiungo kutoka mahali pamoja hadi mahali pengine katika mwili wa mtu yule yule, maadamu imehakikishwa kwamba manufaa yazidi madhara. Atakaye kuendelea kupinga kwa jina la dini, kwanza aseme ni madhara gani yazidiyo mkono usioshika.

Hapo ndipo huingia hoja ya tatu, ya kuuhurumia mguu. Husemwa kwamba mkulima aendaye kwa miguu hawezi kukata kidole cha mguu bila ya kulemaa mara mbili. Katika hoja zote hii ndiyo yenye uzito mkubwa, kwa sababu husema jambo la kweli kisha huvuka mpaka wake. Gumba la mguu husukuma ardhi katika kila hatua, na kuliondoa lote si jambo dogo, hasa kwa watu wavaao kandambili, ambazo ukanda wake hukamatwa baina ya gumba na kidole cha pili. Lakini Yang Dongyue hakuchukua gumba. Alichukua kidole cha pili, nacho kikiondolewa kwa uangalifu, mguu hufungwa nafasi yake, na watu wengi hurudi katika mwendo wao wa kawaida. Wapasuaji waliokuja baadaye walibuni njia za kuchukua sehemu tu ya gumba la mguu na kuacha nyingine. Katika Melbourne, mwaka 1980, Wayne Morrison na wenzake walieleza namna ya kuchukua ngozi na ukucha wa gumba la mguu na kuuzungushia mfupa uliotoka mahali pengine. Katika Taiwan, Fu-Chan Wei na wenzake waliufanya upasuaji huu kwa mamia ya wagonjwa, hata wakaweza kuupa vidole mkono usiosaliwa na kimoja. Katika vituo vyenye uzoefu, zaidi ya vidole 9 kati ya 10 vinavyohamishwa hupona. Huyo mmoja asiyefanikiwa asifichwe, na kila mgonjwa aambiwe habari zake kabla ya kisu. Lakini asitumiwe kuwanyima wale tisa.

Wako pia wanaocheka. Husema kwamba kidole cha mguu mkononi ni kioja, na kwamba afadhali kidole cha bandia chenye umbo zuri. Kidole cha bandia hakina fahamu. Hakijui kwamba yai limeshikwa mno, wala kwamba chungu ni cha moto. Mkono usiohisi ni mkono kipofu. Humlazimu mwenyewe kuutazama kila unapofanya kazi, na usiku humwacha. Uzuri wa mkono ni kazi yake. Aliyekwisha kumwona mtu akifunga kifungo chake mwenyewe baada ya mwaka wa kufungiwa na mtoto wake, hacheki.

Hoja ya nne ni ya zamu: malaria kwanza, uzazi salama kwanza, maji safi kwanza, kisha vidole. Hoja hii ina sura ya haki, na kwa hiyo ndiyo hatari kuliko zote. Zamu hii haina mwisho. Mwenye mkono uliokatika huambiwa asubiri nyuma ya kila maradhi, na kila maradhi likipungua huja jingine mbele yake. Mwaka 2015 tume iliyoitishwa na jarida la tiba la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoweza kuumudu gharama yake wauhitajipo. Hesabu hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Ilitokea kwa sababu kwa muda mrefu upasuaji uliwekwa nyuma ya foleni, na waliouweka huko waliita tendo lao busara. Tena ustadi wa hadubini si wa kidole peke yake. Mpasuaji awezaye kuunga mshipa wa milimita 1 aweza kurudisha mkono uliokatwa na panga, kufunika mfupa ulioachwa wazi na ajali ya bodaboda, kujenga taya lililoondolewa kwa sababu ya uvimbe, na kumkunjulia shingo mtoto aliyeunguzwa na moto. Amfundishaye mtu huyo kwa ajili ya kidole humpata kwa ajili ya hayo yote.

Jambo moja katika hoja hii lazima likubaliwe bila ya kigugumizi. Kinga ya mashine ni bora kuliko upasuaji wowote. Kifuniko cha chuma juu ya meno ya mashine ni rahisi kuliko saa kumi za hadubini, na mwenye kiwanda anayekiondoa ili kazi iende mbio hukata vidole kwa makusudi, hata kama mkono wake haukugusa kisu. Wanaotetea upasuaji wasiutetee kama badala ya kinga. Lakini kinga ya kesho haimrudishii mtu gumba la jana.

Kuhusu mtu huyo wa jana, nchi hizi zimekwisha toa jawabu la namna yake, nalo limo katika sheria. Kenya ina sheria ya mafao ya majeruhi wa kazini ya mwaka 2007. Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake ulianza mwaka 2015. Chini ya sheria za namna hii mwili wa mfanyakazi huhesabiwa kwa asilimia: mkono kiasi hiki, kidole kiasi kile. Ni jambo jema kuwa na sheria, na aliyeumia astahili fedha zake. Lakini asilimia ina tabia ya kufunga daftari. Mfanyakazi huitwa ofisini, huonyeshwa karatasi, na asiyejua kuandika huambiwa atie dole gumba. Yule aliyepotewa na gumba la mkono wake wa kazi hutoa kidole kingine. Hakuna kejeli kubwa kuliko hiyo, na hakuna aliyeikusudia. Sheria hizo hazikutaja fidia tu. Zilitaja na matibabu. Basi swali ni hili: matibabu ya mkono huishia wapi? Yakiwa huishia pale jeraha linapofunga, kigutu kikavu huitwa mtu aliyepona. Yakiwa huishia pale mkono unaposhika tena, deni la mwajiri na la mfuko bado halijalipwa. Mwanasheria asomaye haya asiulize kama neno la sheria laweza kunyoshwa hadi hapo. Aulize ni nani aliyelikunja.

Isisemwe kwamba mashauri haya ni ya hospitali kubwa peke yake. Mwanzo wa kidole kipya uko katika hospitali ya wilaya, usiku ule ule wa ajali, mikononi mwa daktari kijana ambaye huenda hatapata kuiona hadubini ya upasuaji. Yeye akikata mfupa ili apate ngozi ya kufungia jeraha kwa urahisi, huwa amefunga na mlango. Akihifadhi urefu wa mfupa, akizitunza kano na mishipa ya fahamu, akaandika aliyoyaona, huwa amemwekea mgonjwa akiba ambayo mwingine ataitumia baada ya mwezi au mwaka. Somo hilo halihitaji mashine wala mkopo wa nje. Lahitaji mwalimu anayeamini kwamba mkono wa mchukuzi una kesho.

Tena lahitaji lugha. Mgonjwa anayeombwa idhini ya kukatwa kidole cha mguu ana haki ya kuelewa kitakwenda wapi, kwa nini, kwa hatari gani na kwa taabu ya miezi mingapi. Akielezwa kwa Kiingereza asichokijua, kisha akatia alama chini ya karatasi, idhini yake ni kivuli cha idhini. Wanafunzi wa tiba hujifunza majina ya mishipa kwa lugha za kigeni, na wanafunzi wa Kiswahili hujifunza lugha bila ya mishipa. Makundi haya mawili hukaa katika chuo kimoja, hula katika ukumbi mmoja, na hayajakaa meza moja. Kano, maungio, kigutu, mshipa wa fahamu: maneno yapo, tena ni ya kale. Yanayokosekana ni mazoea ya kuyatumia mbele ya mtu ambaye mwili ni wake.

Hoja nne zimepimwa. Ya anasa imekanushwa na Shanghai. Ya maumbile imejibiwa na wanazuoni wenyewe. Ya mguu imeonyeshwa mpaka wake. Ya zamu imeonekana kuwa foleni isiyo na dirisha. Kilichobaki si hoja, ni desturi: ile desturi ya kuona mkono wa mtu wa kazi kuwa kitu ambacho kikiharibika hulipwa, kama gunia la mahindi lililonyeshewa. Wapasuaji wataulizwa ustadi wao, wanasheria wataulizwa kifungu chao, walimu wataulizwa somo lao. Na mtu wa mkonge, aketiye leo kwenye sinia pamoja na wanawe, akibonyeza tonge kwa kiganja kwa sababu hana gumba, hana la kuwauliza ila moja: ikiwa kidole ni kidole, na anavyo kumi miguuni, wangojea nini?